Uzito wa Nyuma

Gari tupu, aliniambia Ami Mselem,
lina kichwa kizito na makalio mepesi:
injini yote mbele, tairi za kusukuma ziko nyuma,
kama mtu mwenye maneno mengi na miguu ya kuazima.

Ilikuwa mvua ya mwaka, Mikindani,
ule mwinuko wa kwenda tanuri la maboflo
ambao kiangazi ni vumbi tu
na masika ni sabuni.

Saa kumi alfajiri. Pikapu yapanda,
yafika kati, pale penye bomba lililopasuka,
yaanza kucheza chakacha,
nyonga kushoto, nyonga kulia,
tope latapikwa ukutani kwa Bi Mwanasiti
na sisi tuko palepale, au chini kidogo.

"Panda nyuma. Kaa juu ya ekseli.
Si mkiani! Juu ya ekseli."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kilo ishirini na nane
pamoja na sweta lililolowa.
Nikakaa. Nikajikaza niwe mzito.
Niliwaza mawe. Niliwaza kinu cha bibi.
Niliwaza lile deni la nyumba
ambalo mama alisema lamlalia kifuani.
Gari likashika. Wallahi likashika,
likapanda kama lililokumbuka jambo.

Wiki nzima nilikuwa uzito.
Nilikula kiporo kwa makusudi.
Shuleni sikumwambia mtu,
lakini nilitembea kama mwenye kazi.

Jumatatu nikakuta magunia.
Manne, ya mchanga, yamefungwa kwa kamba ya katani,
yamelala pale pale nilipokaa.
"Wewe kalale," akasema. "Utachelewa shule."
Nikabaki mlangoni, viatu mkononi,
nikiyachukia magunia yale
kama mtoto anavyomchukia mdogo wake mchanga.

Watu walicheka. Chengo, fundi wa pancha, akauliza:
"Mselem, mchanga huo waupeleka wapi kila siku
na jioni waurudisha? Una wagonjwa huko wautembelee?"
Na kweli petroli ilikwenda.
Na maboflo hayakusaidia kitu, hata kreti arubaini;
boflo ni hewa iliyookwa.
Ami alijibu kwamba analipia kushika njia.
Kisha, maana hakupenda kuonekana mwenye hekima,
akaongeza kuwa breki nazo hazifai,
na kushuka ni hesabu nyingine:
kilichokushikilia ukipanda
ndicho kinachokusukuma mgongoni ukishuka.

Usiku mmoja maji yalimwingilia Bi Mwanasiti.
Magunia mawili yakaenda kuziba mlango wake
na hayakurudi.
Asubuhi nikasikia tairi zikilia kule juu, zikilia,
nikaamka, nikavaa sweta, nikangoja aniite.
Hakuniita.
Alirudi saa mbili, matope hadi kiunoni.
Kreti alizibeba kichwani, moja moja.

Miaka mingi baadaye, akichambua mchele, mama aliniambia.
Ile Jumapili, kabla ya magunia,
lori la soda lilirudi nyuma kwenye mwinuko ule ule
hadi ukutani. Utingo alikuwa amekaa mkiani.
Ami alikuwa wa kwanza kufika. Alishika mguu wa yule kijana
mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.
Akaja jikoni, hakuketi, akamwambia mama:
"Gunia likianguka, hakuna mama wa gunia."
Akaomba koleo.

Sasa pikapu ni yangu, na mwinuko umetiwa lami
nusu; nusu ya pili bado yangoja uchaguzi.
Magunia mawili ya mwisho yako nyuma,
kamba zimeoza, na kwenye moja
mchicha umeota. Sijui mbegu ilitoka wapi.
Kiangazi hiki kikavu nimeshindwa kuyashusha.
Huumwagilia maji kidogo nikioshea kioo.

Binti yangu ataka kukaa nyuma, aone barabara ikikimbia.
Namwambia: mbele.
Aninunia hadi Changamwe.